Mpindue Umsome: Mazungumzo Juu ya Midoli ya Wanyama wa Kale

  

Leo naanza na ombi. Kama nyumbani kuna mtoto, mwite. Mwambie akuletee yule mnyama wake wa plastiki, yule wa ajabu, mwenye shingo kama ya twiga au meno kama ya mamba, ambaye watoto humwita dainosaria na wazee wengi humwita mjusi. Huenda yuko uvunguni mwa kitanda. Huenda yuko kwenye ndoo ya midoli, au amezikwa nusu kwenye mchanga uani. Mleteni, mpanguseni mchanga, mmoja wenu amshike mkononi, tuzungumze tukiwa naye.

Na kama hamna mnyama wa namna hiyo, si neno. Sikilizeni tu. Siku mtakapopita sokoni mtajua la kutafuta.

Mazungumzo ya leo ni juu ya kukusanya midoli ya wanyama wa kale na kuitambua. Nitakayoyasema ni mengi, lakini la msingi ni moja, na nitalirudia ili lisipotee: kukusanya si kurundika. Kukusanya ni kujua ulicho nacho.

Mimi nilianzaje? Miaka mingi iliyopita nilisimama kwa muuza mitumba ya watoto. Alikuwa ametandika turubai chini, na juu yake midoli imepangwa mafungu mafungu: magari yasiyo na magurudumu, wanasesere wasio na nywele, vikombe vya chai vya watoto. Katika fungu moja nikaona shingo ndefu imechomoza. Nikadhani ni twiga. Nilipomvuta nikaona hana madoa, na mkia wake ni mnene kama mguu wa meza. Nikamnunua kwa bei ya maandazi mawili, nikampelekea mwanangu. Mwanangu akamtazama, akampa jina palepale: Twiga Bila Madoa.

Jina hilo lilidumu miezi. Siku moja nikawa namwosha kwenye beseni, nikampindua, nikaona tumboni kuna herufi ndogo zilizojitokeza. Nikavaa miwani, nikazisoma moja moja: Brachiosaurus. Herufi 13. Kutafuta maana ya herufi hizo ndiko kulikonifikisha Lindi, kusini mwa Tanzania, na nitawafikisha na ninyi huko kabla hatujaagana.

Haya, mnyama yuko mkononi? Basi tuanze. Tutamsoma kama tunavyosoma kitabu, ukurasa baada ya ukurasa: tumbo, miguu, mkia, vidole, mgongo.

Kwanza, tumbo.

Mpindue. Tazama tumboni, tazama chini ya mkia, tazama na kwenye nyayo. Viwanda vyenye kujali kazi yao huchapa hapo mambo manne: jina la mnyama, jina la kampuni, mwaka, na nchi alikotengenezwa. Ukisoma Schleich au Bullyland, hizo ni kampuni za Ujerumani. Ukisoma Papo, ni Ufaransa. Ukisoma Safari, ni Marekani. Pamoja na hayo, mara nyingi utasoma neno China. Usichanganyikiwe. Kampuni hubuni mfano kwao, kisha kazi ya kumimina plastiki kwenye kalibu na kupaka rangi hufanyika China.

Na mwaka je? Hapa wengi hukosea. Mwaka ulioandikwa tumboni ni mwaka wa mfano ule kubuniwa. Mdoli wako huenda ulitoka kiwandani baadaye kabisa, kwa sababu kalibu moja hutumika miaka mingi. Fikiria kitabu cha shule: kilitungwa mwaka fulani, lakini nakala iliyo mkononi mwa mtoto ilichapwa juzi.

Iko midoli ambayo wakusanyaji duniani huitafuta hasa kwa ajili ya alama hizo. Kwa mfano, kuanzia mwaka 1974 kampuni ya Invicta ya mji wa Leicester, Uingereza, ilitengeneza wanyama wa kale kwa ushirikiano na makumbusho makubwa ya viumbe ya London. Walikuwa wa rangi moja tu mwili mzima, na walifuata kipimo kimoja: mnyama alipunguzwa mara 45. Kwa nini kipimo kimoja? Ili mtoto akiwapanga mezani aone kweli nani alikuwa mkubwa na nani mdogo. Nchini Marekani nako, kuanzia mwaka 1988 hadi 2015, kampuni ya Safari ilitoa mfululizo kama huo ikishirikiana na makumbusho ya Carnegie ya mji wa Pittsburgh, mingi ya midoli yake ikiwa ya kipimo cha mara 40.

Sasa utaniuliza: na kama tumbo ni tupu? Tumbo tupu nalo linasema. Midoli mingi ya bei nafuu, ile inayouzwa kwa mfuko, haina jina la kampuni. Baadhi yake ni nakala za midoli ya zamani, kama ile ya kampuni ya Louis Marx ya Marekani ya miaka ya 1950. Nakala inapotolewa nakala nyingine, meno hufifia, kucha hutoweka, vidole hugandamana. Usiitupe. Iandike tu kwamba haina alama, halafu uusome mwili wake.

Kwa hiyo tumbo hutupa jina. Lakini je, jina la tumboni ndilo la mwisho? Subirini.

Pili, miguu.

Kwa Kiswahili tumezoea kumwita mnyama huyu mjusi, na hatuko peke yetu. Mwingereza Richard Owen alipolitunga neno dainosaria mwaka 1842, alilitoa katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Lakini mwangalieni mjusi halisi, yule anayepita ukutani sasa hivi. Miguu yake imetoka pembeni, viwiko nje, tumbo karibu na ukuta. Kisha mwangalieni mbuzi. Miguu yake imesimama wima chini ya mwili kama nguzo chini ya dari. Dainosaria alisimama kama mbuzi. Hakutambaa kama mjusi.

Kwa kipimo hicho mnaweza kuchambua mfuko mzima wa midoli. Maana mifuko hiyo huchanganya kila kitu. Yumo mmoja mwenye tanga mgongoni, kama tanga la ngalawa, na miguu imetoka pembeni. Huyo ni Dimetrodon. Hakuwa dainosaria kabisa. Aliishi na kutoweka kabla dainosaria wa kwanza hajaonekana, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na sisi binadamu kuliko na mjusi. Yumo mwenye mabawa ya ngozi na kishungi kirefu kichwani: huyo ni Pteranodon, reptilia wa angani. Yumo mwenye makasia mahali pa miguu: huyo ni wa baharini. Yumo tembo mwenye manyoya marefu: huyo ni mamothi, aliyekuja mamilioni ya miaka baada ya dainosaria wakubwa kwisha. Wote ni wanyama wa kale, ni kweli, lakini si wote ni dainosaria.

Tena wapo ambao ni wa kale na bado wako hai. Katika seti za wanyama wa kale wa bahari utakuta samaki mnene mwenye mapezi yenye nyama, kama viganja. Huyo ni silikanti. Wataalamu waliamini amekwisha zamani za dainosaria, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja huko Afrika Kusini. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimfahamu, wakimwita gombesa. Na sisi tunaye Tanga, hadi bahari ya huko imetengewa hifadhi yenye jina lake.

Kwa hiyo miguu hutuambia ukoo. Mnanifuata?

Tatu, mkia.

Mweke mnyama wako mezani. Je, mkia unagusa meza au uko juu? Kama una yule mla nyama mkubwa, Tyrannosaurus, wa mtindo wa zamani, utaona amesimama wima, tumbo mbele, mkia umelala chini, kama kigoda cha miguu mitatu. Waliomchonga walifuata ujuzi wa wakati wao. Lakini mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, John Ostrom, alimweleza mnyama aliyeitwa Deinonychus, mwepesi, mwenye mwili wa kukimbia na mkia mgumu ulionyooka nyuma. Wataalamu wakarudi kuwatazama upya hata wale wengine.

Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye nyayo. Umewahi kumwona kenge akipita kwenye mchanga? Katikati ya nyayo zake mkia huacha mfereji. Sasa, nyayo za dainosaria zimehifadhiwa kwenye mawe sehemu nyingi duniani, na ni nadra sana kukuta mfereji huo. Maana yake nini? Mkia ulikuwa juu. Kichwa mbele, mkia nyuma, miguu katikati, kama mtu aliyebeba mzega, mzigo huku na mzigo huku, naye anatembea bila kuyumba.

Basi mkia ukiburura, una mfano wa kizamani au nakala yake. Ukiwa juu, mfano umefuata ujuzi mpya. Je, wa kizamani tumtupe? La, hasha! Huyo ndiye wa kumtunza sana, kwa sababu anaonyesha watu walifikiri nini na lini.

Niwape mfano mkubwa kuliko mdoli. Mwaka 1854, katika bustani ya Crystal Palace huko London, mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins, akishauriana na yule Richard Owen, aliweka sanamu kubwa za wanyama wa kale. Mmoja wao, Iguanodon, alipewa pembe juu ya pua, kama kifaru. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, wakafukua mifupa ya Iguanodon wengi, mingine ikiwa bado imeungana. Kumbe ile pembe ilikuwa mfupa wa dole gumba! Sanamu zile zipo mpaka leo na pembe yake puani. Hazikuvunjwa, na ni vizuri hazikuvunjwa. Mtoto anayeziona anajifunza kwamba elimu hujisahihisha.

Nne, vidole.

Hapa ni pafupi lakini panasaidia sana. Una mla nyama mwenye kichwa kikubwa na mikono mifupi? Mhesabie vidole vya mkono. Viwili, ni Tyrannosaurus au jamaa yake. Vitatu, huenda ni Allosaurus au jamaa yake. Watoto hupenda sana hesabu hii, na wakishaijua hawadanganyiki tena.

Kisha tazama miguu ya nyuma: vidole vitatu vimeelekea mbele. Umeviona wapi? Nenda bandani. Mwangalie kuku anavyotembea, anavyoinua mguu, anavyokunja vidole na kuvikunjua. Ndege walitokana na dainosaria wala nyama wadogo. Na tangu mwaka 1996, ilipotangazwa China kwamba amepatikana dainosaria mdogo mwenye alama za manyoya kuzunguka mwili, wachongaji wengi wameanza kuwavika midoli yao manyoya. Yule Velociraptor wa filamu, mkubwa na mwenye ngozi tupu, kwa kweli alikuwa na kimo cha bata mzinga, na mifupa ya mkono wake ina vinundu vya kushikia manyoya.

Tano, na ndiyo ya mwisho: mgongo. Na hapa, wasikilizaji wapenzi, ndipo tunapoingia Lindi.

Katika kila mfuko hakosi mnyama mwenye mabamba mgongoni. Watu wote humwita Stegosaurus. Lakini tazama vizuri. Stegosaurus, aliyejulikana kwanza Marekani, ana mabamba makubwa mgongo mzima, na miiba minne mwisho wa mkia. Sasa, kama mnyama wako ana mabamba madogo shingoni, yakifika katikati ya mgongo yanageuka kuwa miiba mirefu, jozi baada ya jozi, mpaka ncha ya mkia, na ana mwiba mmoja kila upande begani, huyo si Stegosaurus. Huyo ni Kentrosaurus. Urefu wake ulikuwa kama wa gari aina ya Noah. Na mifupa yake ilipatikana mahali pamoja: Tendaguru, mkoani Lindi.

Tendaguru ni kilima, kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, katika nchi ya Wamwera. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona huko mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kumalizika, makumbusho ya Berlin yalianza uchimbaji ulioendelea hadi 1913. Wataalamu waliotajwa vitabuni ni Werner Janensch, Edwin Hennig na wenzao. Lakini nani alichimba? Nani alibeba? Walikuwa watu wa kusini mwa nchi hii, hadi 500 kwa wakati mmoja, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa vifurushi, ikabebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Siku nne, kwa miguu, safari baada ya safari, miaka minne.

Katika mifupa hiyo alikuwamo jitu mmoja mwenye shingo ndefu. Mwaka 1914 Janensch alimpa jina la Brachiosaurus, kwa kumfananisha na mnyama ambaye mifupa yake ilichimbwa Colorado, Marekani, mwaka 1900. Yule wa Colorado hakukamilika. Hakupatikana na fuvu. Wa Tendaguru ndiye aliyekuwa na mengi: mafuvu, shingo, miguu. Alisimamishwa Berlin mwaka 1937, akapangwa upya mwaka 2007, na kimo chake ni mita 13.27. Ndiyo mifupa mirefu kwenda juu kuliko yote ya dainosaria iliyosimamishwa ndani ya makumbusho duniani. Ukimpunguza mara 40, kimo chake kinaizidi kidogo rula ya shule ya sentimita 30.

Sasa rudini kwa yule Twiga Bila Madoa. Wachongaji wa midoli walipotaka kumtengeneza Brachiosaurus, walitazama wapi? Walitazama Berlin. Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unaoteremka kama paa, na lile tao la mfupa linaloinuka kichwani juu ya pua: hayo ni maumbile yaliyofahamika vizuri kutokana na mifupa ya Tendaguru. Mwaka 2009 mtaalamu wa Uingereza, Michael Taylor, alilinganisha mifupa ya pande mbili, akaonyesha kwamba wanyama hawa wawili wanatofautiana kiasi cha kustahili majina mawili. Wa Colorado akabaki Brachiosaurus. Wa Lindi akawa Giraffatitan, jina lililopendekezwa na Gregory Paul mwaka 1988. Litafakarini jina hilo kidogo: Giraffatitan. Maana yake ni twiga jitu.

Twiga! Mwanangu, akiwa na miaka yake mitano, bila kitabu, alikuwa amelikaribia.

Ndiyo maana niliwaambia msubiri. Tumbo linasema Brachiosaurus, lakini mwili unasema Lindi. Jina la tumboni ni mwanzo wa kumjua mnyama. Mwisho wake ni kumtazama yeye mwenyewe. Kukusanya si kurundika. Kukusanya ni kujua ulicho nacho.

Na tukishajua, tunapata deni. Majina ya watu wetu yameanza kuingia katika elimu hii. Mwaka 2007 dainosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji. Kiswahili chenyewe kimeingia. Kuna Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dainosaria, wa kusini mwa Tanzania. Kuna Shingopana, dainosaria wa Songwe. Kuna Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyepewa jina hilo la pili kwa sababu mfupa wa mkia wake una umbo la moyo. Kuna Mambawakale wa bonde la Ruhuhu. Na Kenya kuna Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama aliyetambuliwa kutokana na mifupa iliyokuwa imehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Majina haya mtoto wa Kiswahili huyaelewa bila mkalimani.

Lakini nenda sokoni ukatafute mdoli wa Shingopana. Nimetafuta miaka mingi katika mafungu, sijamkuta. Basi nawauliza mafundi wetu: nani atamchonga? Kusini mwa nchi yetu, jirani na Tendaguru, wako Wamakonde, wachongaji wa mpingo ambao kazi yao inajulikana dunia nzima. Wako wafinyanzi. Wako walimu wenye udongo wa mfinyanzi nyuma ya darasa. Wanaweza kumtoa Kentrosaurus na miiba yake, na Giraffatitan na tao lake kichwani. Mtoto wa Lindi acheze na mnyama wa Lindi, aliyechongwa Lindi.

Kabla sijamaliza, maneno machache ya kutunza. Mwosheni mnyama kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo; msitumie petroli wala tina, zitakula rangi. Msimwache juani, plastiki hupauka na kukatika. Mguu ukipinda, mtu mzima auloweke kwenye maji ya moto dakika chache, aunyooshe taratibu, kisha autie kwenye maji ya baridi ushike umbo. Midoli midogo sana iwekwe mbali na watoto wachanga, wasije wakaimeza. Na muhimu kuliko yote, mwandikieni kila mnyama kikaratasi: jina lake, alama za tumboni, umempata wapi, lini, na kwa bei gani. Mimi kikaratasi cha Twiga Bila Madoa sikukiandika mapema, na leo siujui tena mwaka niliomnunua. Ninyi msichelewe.

Na jambo moja la sheria. Midoli kusanyeni mpendavyo. Mifupa halisi ya kale, iliyogeuka mawe, msiikusanye. Tanzania inailinda kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukiiona imechomoza shambani au korongoni, iache pale ilipo, pima mahali, toa taarifa serikali ya kijiji au Makumbusho ya Taifa. Mfupa ukiondolewa mahali pake bila utaalamu, nusu ya habari yake imepotea.

Basi tukumbushane. Tumbo hutupa jina na mwaka. Miguu hutupa ukoo. Mkia hutupa umri wa wazo. Vidole hututenganishia wanaofanana. Na mgongo, kwa mnyama mwenye miiba na kwa yule mwenye mteremko kama paa, hutupeleka Tendaguru.

Wasikilizaji wapenzi, usiku huu kabla watoto hawajalala, fanyeni jambo moja. Mchukueni mnyama mmoja tu, mpindueni, msomeni, kisha mkate kikaratasi mwandike jina lake kwa mkono wa mtoto. Na akiwa ndiye yule mwenye shingo ndefu na miguu mirefu ya mbele, chini ya jina mwongezeni neno moja, ili asije akasahau alikotoka: Lindi.